Breivik na "miaka 21" yake: mfungwa hatari anawekwaje ndani bila kikomo, na kwa nini kila mara mahakama iulizwe upya?

Mbantu wa Kaskazini (#1)

Wakuu, salaam.

Ile picha ya jela ya Norwe imerudi tena kwenye magrupu. Mnaijua: chumba cha mazoezi, jiko, sebule yenye runinga na Xbox, na vikasuku vitatu vya kufugwa. Chini yake maneno ni yale yale, kwamba jamaa kaua watu 77, kapewa miaka 21, mwaka 2032 yuko mtaani anakula bata. Kwenye uzi wa juzi watu wametoa povu kurasa kwa kurasa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo bwana kahukumiwa nini hasa.

Picha ni ya kweli, na hao ndege wapo. Hiyo hesabu ya 2032 ndiyo haina miguu.

Tarehe 22 Julai 2011 Anders Behring Breivik alilipua bomu kwenye majengo ya serikali katikati ya Oslo, wakafa watu 8. Kisha, akiwa amevaa kama polisi, akavuka kwenda kisiwa cha Utøya, ambako vijana wa chama cha Labour walikuwa wamepiga kambi, akaua 69. Wengi wao walikuwa bado watoto wa shule. Agosti 24, 2012 Mahakama ya Wilaya ya Oslo ikamtia hatiani. Magazeti ya nje yakaandika "miaka 21", yakageukia habari nyingine.

Norwe walifuta kifungo cha maisha mwaka 1981. Tangu 2002 wana adhabu wanayoiita forvaring, kwa ajili ya watu ambao mahakama inaona kifungo cha kawaida hakitoshi kuilinda jamii. Jaji anataja namba mbili. Ya kwanza ni kima cha chini, ambacho kabla ya kukimaliza mfungwa hawezi kuachiwa hata kwa masharti. Ya pili ni muda wa juu. Breivik alipewa 10 na 21. Wengi wanakosea kwenye hiyo ya pili. Muda ukikaribia kwisha, mwendesha mashtaka anaweza kwenda mahakamani kuomba uongezwe, hadi miaka 5 kwa mkupuo. Mitano ikiisha anaweza kuomba mingine, na sheria haikuweka idadi ya mara. Mtu anaweza kuzeekea humo na kufia humo.

Sasa hapa ndipo penye sababu ya mimi kufungua uzi. Muda hauongezeki wenyewe. Serikali ndiyo inayotakiwa kuamka, kubeba jalada na kulifikisha mahakamani si chini ya miezi 3 kabla ya tarehe ya mwisho, kisha ithibitishe kwamba mtu huyu ni hatari leo hii. Kwamba alikuwa hatari mwaka 2011 kila mtu anajua, hilo halitoshi. Ikishindwa kuthibitisha, mlango unafunguliwa hata kama nchi nzima inamchukia.

Januari 2022, kima chake cha chini cha miaka 10 kilipopita, Breivik aliomba kutoka. Mahakama ilimfuata gerezani Skien, ikakaa kwenye ukumbi wa mazoezi uliogeuzwa chumba cha mahakama. Kaingia kanyoa kipara, suti nyeusi, karatasi yenye maneno ya ubaguzi kaibandika kifuani, mkono juu, saluti ya Kinazi mbele ya majaji. Halafu huyo huyo akawaambia kwamba ameachana na vurugu na siasa zake sasa ataziendesha kwa amani! Daktari wa magonjwa ya akili aliyemfuatilia tangu miaka ya mwanzo, Randi Rosenqvist, akaieleza mahakama kwamba hatari yake haijapungua. Februari 1 ombi likakataliwa. Novemba 2024 karudi tena, safari hii gereza la Ringerike, herufi Z, alama ya wanaoshabikia vita vya Urusi huko Ukraine, kainyoa kwenye nywele ubavuni mwa kichwa. Desemba kakataliwa tena.

Mnaweza kusema yote yale ni maigizo ya Wazungu. Mimi naona tofauti. Uamuzi umeandikwa, una sababu, na Mnorwe yeyote anaweza kuusoma akajua kwa nini mtu huyu bado yuko ndani. Hakuna waziri aliyesema "namjua mimi, abaki".

Tena Breivik ni kesi nyepesi. Jaji gani atapata shida kuamua kuhusu mtu anayepiga saluti ya Kinazi kwenye ombi lake mwenyewe? Kesi ngumu ni za wale wengine, zaidi ya 100, ambao hakuna gazeti la nje linalowajua. Wapo wabakaji, wachoma nyumba, watu walioua mara moja. Wengi wao hupelekwa gereza la Ila, nje kidogo ya Oslo, ambalo Wajerumani wakati wa vita walilifanya kambi ya kuwafunga Wanorwe na kuliita Grini. Pale mfungwa anapitishwa hatua kwa hatua: mwanasaikolojia, programu za hasira na ulevi, matembezi ya kusindikizwa na askari, baadaye ruhusa za mchana. Kila hatua inaandikwa. Jalada hilo ndilo litakalosomwa siku ya mahakama.

Ndiyo maana kuna hoja moja ya upande wa Breivik ambayo siwezi kuipuuza, japo mwenyewe ananitia kichefuchefu. Amekaa miaka yote hiyo ametengwa na wafungwa wengine. Mtu wa namna hiyo atathibitishaje kwamba anaweza kuishi na watu? Kuhusu kutengwa huko alishtaki serikali, akashinda mahakama ya wilaya 2016, akashindwa kwenye rufaa 2017, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg ikalitupa ombi lake 2018, akajaribu upya na kushindwa tena Februari 2024. Binafsi naona walikuwa sahihi kumtenga. Lakini swali limebaki pale pale, na kwa mfungwa asiye na jina kubwa ni swali la maisha yake.

Nihamie Ujerumani, maana huko ndiko jambo hili lilikotoa jasho.

Sheria yao ya kumzuia mtu aliyekwisha kumaliza kifungo ilipitishwa 24 Novemba 1933, Hitler hajamaliza hata mwaka madarakani. Vita ikaisha, sheria ikabaki. Kwa miaka mingi ilikuwa na ukomo: anayezuiwa kwa mara ya kwanza asizidi miaka 10. Mwaka 1998 Bunge likaufuta ukomo huo, hata kwa waliokuwa tayari wako ndani. Mwaka 2001 Kansela Gerhard Schröder akasema kuhusu wanaonajisi watoto kwamba wafungiwe, tena milele. Hakuna mwanasiasa anayepoteza kura kwa kusema hivyo, si huko si huku.

Kati ya waliokuwa ndani yupo mmoja ambaye kwenye majalada anaitwa M. tu. Mwaka 1986 alifungwa miaka 5 kwa kujaribu kuua na unyang'anyi, na kuamriwa azuiwe baada ya hapo. Kwa sheria ya siku aliyohukumiwa, angetoka Septemba 2001. Siku ikafika, akaambiwa ukomo haupo tena. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani mwaka 2004 ikabariki: hii si adhabu, ni kinga tu, kwa hiyo inaweza kubadilishwa katikati ya safari.

M. akaenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Desemba 17, 2009 majaji wa Strasbourg wakaangalia hiyo "kinga" inafanyikia wapi. Wakakuta ni gereza la kawaida, bawa la pembeni tu, tofauti zenyewe ni kama kuvaa nguo zako mwenyewe na kupata muda zaidi wa kuonana na wageni. Tiba maalumu ya kumwandaa mtu kutoka hawakuiona. Wakasema hii ni adhabu, mpende msipende jina, na adhabu hairefushwi baada ya hukumu. Ujerumani ikaamriwa imlipe M. euro 50,000.

Baada ya hapo watu wa aina yake wakaanza kutolewa, na hapo ndipo wanasheria walipokutana na wananchi. Wengine walifuatwa na polisi usiku na mchana. Mwaka 2011 wanaume wawili walihamia kijiji kidogo kinachoitwa Insel, jimbo la Saxony-Anhalt. Wanakijiji wakaandamana mbele ya nyumba yao, leo, wiki ijayo, wiki inayofuata. Siwacheki wale wanakijiji. Ningekuwa na binti pale ningesimama nao barabarani.

Mei 4, 2011 Mahakama ya Katiba ikageuka. Ikasema sheria yote ya kuzuia inakwenda kinyume na Katiba, ikaipa serikali mpaka mwisho wa Mei 2013 kuisuka upya. Masharti yalikuwa makali: mtu akishamaliza adhabu, maisha yake ndani yatofautiane waziwazi na ya mfungwa. Chumba kikubwa, nafasi ya kujipikia, tiba ya kweli, tena tiba ianze mapema wakati bado anatumikia kifungo ili ikiwezekana asifike kabisa huko kwenye kuzuiwa. Na mahakama iliangalie jalada lake angalau kila mwaka. Sheria mpya ikaongeza kwamba akifikisha miaka 10 ni kila miezi 9, bila hata yeye kuomba.

Kwa hiyo wakuu, mkiona jiko ndani ya jengo la kuzuia wahalifu Ujerumani, mjue yule anayepika pale deni lake kalilipa. Anazuiwa kwa jambo ambalo hajalifanya na huenda asilifanye. Norwe ni tofauti kidogo, kwao forvaring yenyewe ni adhabu, ila swali la mwisho ni lile lile: nani anathibitisha, mbele ya nani, kila baada ya muda gani.

Naomba kuwasilisha.

---

Chuma Ulete (#2)

Umeandika vizuri mkuu ila maneno mengi. Aliyeua 77 dawa yake kitanzi, basi. Kodi za watu zinalisha kasuku halafu tunaambiwa ustaarabu.

---

Mbantu wa Kaskazini (#3)

> Aliyeua 77 dawa yake kitanzi, basi.

Mkuu, Norwe hawakuwa malaika siku zote. Vidkun Quisling aliyewasaliti kwa Hitler walimpiga risasi Oktoba 1945. Ila kwa Breivik sheria ya kunyonga haikuwepo, na huwezi kuitunga leo ukamnyongea mtu kosa la jana.

Na kitanzi cha kwetu nacho kiko wapi? Kenya mara ya mwisho kunyonga ilikuwa 1987. Tanzania tangu miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa. Majaji wanaendelea kusoma adhabu ya kifo, mtu anakwenda kukaa, anasubiri msamaha wa Rais sikukuu moja baada ya nyingine. Huyo naye yuko ndani bila tarehe. Tofauti yake na Breivik ni kwamba hakuna siku jalada lake linarudi kwa jaji kuulizwa kama bado ni hatari.

---

bush lawyer wa Kibaha (#4)

Mleta uzi, heshima. Swali langu ni moja. Huyo daktari anajuaje kesho ya mtu? Mimi nimefanya kazi na mashahidi wataalamu, ukimpa faili daktari huyu anasema A, ukimpa wa pili anasema B, na wote wana vyeti ukutani. Leo unamnyima mtu uhuru miaka mitano mingine kwa sababu mtaalamu "ana wasiwasi". Hii si ramli yenye mhuri?

---

Mbantu wa Kaskazini (#5)

Mkuu hapo umegusa penyewe, na mfano mzuri ni Breivik huyo huyo. Timu ya kwanza ya madaktari wawili, mwishoni mwa 2011, ilisema ana ugonjwa mkubwa wa akili, na alikuwa nao wakati anaua. Watu wakaja juu, mahakama ikateua wawili wengine. Aprili 2012 hao wakasema hana ugonjwa wa namna hiyo, akili zake anazo. Mtu mmoja, miezi michache, majibu mawili kinyume kabisa. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakutaka kuitwa mgonjwa, maana siasa zake zingeonekana wazimu. Mahakama ikafuata timu ya pili.

Kuna kisa cha Marekani ambacho kila anayesoma mambo haya hukutana nacho. Jimbo la New York lilikuwa na hospitali mbili za ulinzi mkali, Dannemora na Matteawan. Mfungwa akimaliza kifungo lakini akionekana mgonjwa na hatari, anabakishwa huko. Mmoja wao, Johnnie Baxstrom, alipeleka kesi mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, akashinda mwaka 1966: huwezi kumbakisha bila utaratibu wa mahakama ambao raia mwingine yeyote angepewa. Kwa hukumu ile, watu 967 wakahamishiwa hospitali za kawaida. Hawa walikuwa wameitwa hatari na wataalamu, kwa maandishi. Wafanyakazi wa hospitali walikohamia waliingiwa na hofu kweli kweli.

Watafiti wakawafuatilia miaka kadhaa. Waliolazimika kurudishwa kwenye ulinzi mkali walikuwa wachache mno, na kati ya walioachiwa mtaani waliofanya ukatili tena ni wa kuhesabika. Ni kweli wengi walishakuwa watu wazima, na umri hupunguza mambo mengi. Lakini ndiyo maana yake: walikuwa wameshazeeka, na karatasi iliyoandikwa wakiwa vijana bado iliwashikilia.

Siku hizi wana vipimo vya alama, historia ya makosa, umri, ulevi na kadhalika. Ni bora kuliko daktari kusikiliza moyo wake. Bado vinakwambia habari za kundi: katika watu kama huyu, wangapi hurudia. Huyu aliyekaa mbele yako yumo upande gani, kipimo hakikwambii. Ndiyo sababu naukataa uamuzi wa mara moja na nakubali wa kurudiwa. Ukikosea mwaka huu, mwaka ujao jaji mwingine ana nafasi ya kuliona kosa.

---

Wa Buruburu (#6)

Niaje wadau. Huku Kenya tuko na kitu karibu na hiyo. Mtu akiua na korti ipate alikuwa na shida ya akili, alikuwa anawekwa ndani kungoja amri ya Rais. Sheria inasema mkuu wa hospitali aandike ripoti baada ya miaka tatu, halafu kila miaka miwili, ipelekwe kwa Waziri ndio Rais aangalie. Hakuna jaji hapo katikati. Watu wamesahaulika hospitali ya akili ya Mathari na magereza miaka na miaka, familia ilishaacha kuja. Baada ya Katiba ya 2010 majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wamesema hiyo haiendi na Katiba, kwamba muda wa kuzuiliwa ni kazi ya korti si ya Rais.

Pia Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 iko na kifungu cha mkosaji hatari wa ngono. Korti inaweza kuamuru asimamiwe akishatoka, asikaribie mahali fulani, aache pombe, apate ushauri. Kwa karatasi ni poa sana. Nani anamsimamia mtaani ndio sijaona.

---

Mbantu wa Kaskazini (#7)

Asante ndugu yangu, na Tanzania njia ni ya jirani. Mahakama ikisema aliua akiwa hana akili timamu, taarifa inakwenda kwa Waziri, mtu anapelekwa Isanga, Dodoma, kwenye taasisi ya wagonjwa wa akili waliofanya makosa. Akitaka kutoka anategemea daktari aandike na ofisini waisome. Daktari anaweza kuwa ameshaandika kwamba amepona. Karatasi ikikaa kwenye droo ya mtu, hakuna kengele inayolia.

Linganisheni na ile miezi 3 ya Norwe. Kule karatasi ikikaa kwenye droo, anayepata hasara ni serikali. Huku anayepata hasara ni aliye ndani.

---

Mzee wa Reli (#8)

Vijana nimewasoma. Mnazungumza kana kwamba sisi hatukuwahi kuwa na kuzuia watu kwa sababu ya "hatari". Tulikuwa nayo. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, Uhuru hata mwaka haujatimia. Rais akiridhika kwamba fulani ni hatari kwa usalama, anaweka sahihi, mtu anachukuliwa. Na humo humo iliandikwa kwamba amri hiyo isihojiwe katika mahakama yoyote. Walioondoka nayo hawakuwa wauaji. Kuna wa vyama vya wafanyakazi, kuna wanasiasa, kuna ambao mpaka leo haijulikani walikosa nini. Kwa hiyo nikisikia "mtu hatari" huwa nauliza kwanza, hatari kwa nani?

---

Mbantu wa Kaskazini (#9)

Shikamoo mzee. Umenisaidia kusema nilichokuwa nakizunguka.

Wanaotaka Tanzania au Kenya iige "miaka isiyo na mwisho" kwa wabakaji wa watoto, na wapo wengi humu, wanaitaka ile nusu ya kufunga. Nusu ya pili hawaitaji: wakili anayelipwa na serikali, daktari asiye mwajiriwa wa gereza, tarehe iliyoandikwa kwenye hukumu. Ukichukua nusu ya kwanza peke yake, ile ya 1962 umeirudisha kwa mlango wa nyuma.

---

Mama wa Wawili (#10)

Samahanini kaka zangu, tangu juu naona M., Breivik, Baxstrom, haki zao, majiko yao. Wenye marehemu je? Mama aliyezika mtoto wake Utøya anafungua simu Januari anamwona yule yule kavaa suti anapiga saluti, na picha imezunguka dunia nzima. Haijatimia miaka mitatu, anamwona tena. Itakuwa hivyo mpaka lini? Mnasema mahakama iulizwe upya kila mwaka, kila mwaka huyo mama anachomwa upya.

---

Mbantu wa Kaskazini (#11)

Dada yangu, hoja yako ni nzito na sina jibu la kuifuta. Manusura na wazazi wa Norwe wamelilalamikia hilo hilo, kwamba mahakama imegeuzwa jukwaa lake. Naona wana haki. Kusikilizwa na majaji ni haki yake. Kamera si haki yake, hapo mahakama ingeweza kubana zaidi.

Nikupe namna Afrika Kusini wanavyofanya, maana ni karibu na nyumbani na sheria yao naiona imekaa vizuri kuliko zote nilizotaja. Jaji wa mahakama kubwa anaweza kumtangaza mtu kuwa mhalifu hatari, baada ya kumpeleka hospitali ya akili achunguzwe, siku 30 kwa mara moja. Akimtangaza, anamfunga bila kikomo, lakini siku ile ile anataja muda ambao ukiisha mtu huyo lazima arudishwe mbele ya mahakama. Akirudi, jaji anaweza kumrudisha ndani na kutaja muda mwingine, au kumtoa chini ya uangalizi, au kumwachia. Sheria hiyo ilipingwa, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikasema iko sawa na Katiba, kwa sababu mtu anarudi mbele ya jaji. Mama wa marehemu kule anajua tangu siku ya hukumu kwamba mpaka mwaka fulani hakuna atakayemsumbua.

Sasa ona Uingereza walivyoboronga. Tangu 2005 walikuwa na kifungo kisicho na mwisho kwa makosa mengi sana, hata ya kima cha chini cha miezi tu. Serikali ilitarajia watu 900 hivi, wakafungwa 8,711. Kutoka ni mpaka Bodi ya Parole, ile inayoamua nani aachiwe kwa masharti, iridhike kwamba si hatari tena, na njia ya kuiridhisha ni kumaliza kozi fulani gerezani. Kozi zenyewe foleni, magereza mengine hazipo kabisa. Mtu mmoja aliyefika Strasbourg kima chake cha chini kilikuwa miezi 9, kozi aliyoambiwa akamalize ikawa haipatikani alipofungiwa. Mwaka 2012 Strasbourg wakasema yeye na wenzake walizuiwa kiholela. Mwaka huo huo Bunge likaifuta adhabu hiyo, ila kwa wanaokuja tu. Waliokuwa nayo wakabaki nayo. Makumi wamejiua humo. Bado kuna maelfu ndani, wakiwemo wengine walioachiwa wakarudishwa kwa kuvunja masharti, na waziri aliyeileta, David Blunkett, amekiri hadharani kwamba anaijutia.

Kuna jaji wa kuuliza, kuna bodi, kuna fomu. Kilichokosekana ni kumpa mtu kitu cha kumwonyesha huyo jaji.

---

Chuma Ulete (#12)

Haya nimeelewa, kitanzi nimeweka pembeni kwa leo. Na hapa bongo Parole si ipo? Ile bodi aliyokuwa anaiongoza marehemu Mrema.

---

Mbantu wa Kaskazini (#13)

Ipo mkuu, sheria yake ya 1994, na Mrema alikuwa mwenyekiti kweli. Ila ile ni ya kumpunguzia mfungwa mwenye tabia njema, tena makosa mazito yamewekwa nje. Haihusu kumbakisha mtu aliyemaliza. Mtanzania akimaliza kifungo anatoka, hata kama askari wote wa gereza wanajua kitakachotokea wiki ijayo. Sisemi ni sawa. Binafsi kwa wachache sana ningependa jaji awe na uwezo wa kusema "bado", ilimradi awe jaji, na mimi niwe na rufaa.

---

bush lawyer wa Kibaha (#14)

Swali la kizushi la mwisho. Tuseme Breivik kafika miaka 65, kaacha siasa, madaktari wote wamesema si hatari. Norwe watamtoa kweli, au watatafuta sababu?

---

Mbantu wa Kaskazini (#15)

Kisheria hawana pa kukwepea. Atatoka kwanza kwa masharti, atapangiwa pa kuishi, ataripoti, atakatazwa kukutana na watu fulani. Masharti hayo nayo yana muda, yakiisha anakuwa mtu kama wewe.

Ila kabla ya hapo kuna ile ya mwanzoni mwa miaka ya 2030, muda wake wa kwanza utakapokaribia kwisha. Safari hiyo hatakuwa yeye anayeomba kutoka. Itakuwa serikali inayoomba kumbakisha, na atakuwa bado mtu wa miaka 50 na kitu. Mpaka hapo anaweza kuwa ameshaomba tena mara kadhaa, maana akikataliwa anasubiri tu muda aliopangiwa na sheria, anaandika upya. Kwa alivyojionyesha 2022 na 2024, mwendesha mashtaka hatapata taabu. Mimi nitafuatilia zaidi zile kesi za gereza la Ila ambazo haziandikwi magazetini. Nikipata hukumu moja ya mahakama iliyomkatalia mwendesha mashtaka nitaileta humu tuichambue.

---

Wa Buruburu (#16)

Ilete. Na uniite ikifika, hizi notifikesheni huku zinakuja zikitaka.